Paja la Ng'ombe Lililonivua Uafisa

Leo nimevuliwa cheo changu mchana kweupe, hapa Itetemia, Tabora, mbele ya wakwe. Nina hasira, kwa hiyo nitaandika yote.

Mnakumbuka mlivyosema humu kundini? "Huyo hatavuka Kigwa." Nilivuka Kigwa, hapo jirani tu. Nikavuka bahari. Nikafika Bolivia, Amerika ya Kusini, nikafanya kazi miaka minane kwenye shirika la ndege za ndani. Nikajisomesha mwenyewe, nikarudi Tabora na diploma ya uchukuzi wa anga. (Iko sebuleni, ina fremu. Karibuni muione, msiguse.)

Leo tulikwenda kusikiliza jibu la posa yangu kwa Zuhura. Utaratibu mnaujua: mposaji anakaa kimya, mshenga ndiye anayesema. Mshenga wangu ni baba mdogo Ramadhani, fundi cherehani. Njiani akanionya, "Leo wewe huna mdomo. Mdomo ni mimi."

Nikasema sawa.

Tukafika, tukaamkia, tukakaa mkekani. Mzee Hamisi, baba yake Zuhura, akauliza: "Kijana wenu huko alikuwa anafanya nini hasa?"

Baba mdogo akajibu: "Alikuwa kwenye mandege."

Kwenye mandege! Miaka minane ya maisha yangu! Nikasimama. "Baba, naomba nifafanue."

Baba mdogo akanivuta suruali. Nikajinasua.

Nikawapa historia yote. Kwamba shirika lilianza na ndege moja kuukuu. Ng'ombe walikuwa nyikani, walaji walikuwa mjini juu milimani, na katikati hapakuwa na barabara. Basi wakachinja alfajiri na kuirusha nyama. Kwamba abiria wa kwanza walikaa kwenye mabenchi, magoti yao yakigusana na mapaja ya ng'ombe. Kwamba baadaye zikaja ndege kubwa zenye viti na kahawa. Kisha mwanzilishi akafa, watoto wake wakagombana, barabara ya lami ikafika mlimani, na shirika likafungwa. "Na mimi," nikamalizia kwa sauti, "nilikuwa afisa wake wa upakiaji!"

(Kweli nilikuwa afisa. Wiki tatu. Ya nne wakafunga. Ya kabla ya hapo tusiulizane.)

Bibi Tausi, bibi yake Zuhura, akashika shavu. "Mume wangu ana maneno huyu! Nilidhani tumeletewa posa, kumbe tumeletewa redio."

Wanawake wakaangua kicheko. Nikavimba.

Hapo hapo bodaboda ikaingia uani na paja zima la ng'ombe, la pilau. Mashemeji wawili wakalishika. Likawateleza.

"Mtaalamu," akasema Bibi Tausi, "nyama ya angani tumeisikia. Hii ya ardhini je?"

"Mimi ni afisa, Bibi. Mimi naelekeza."

Nikaelekeza kwa kidole. Shikeni huku, inueni kule. Wapi! Vijana wale hawajui kubeba hata mto. Paja likaanza kushuka kwenye vumbi.

Wallahi sijui nini kilinipata. Nilishtukia koti liko chini. Nimechukua kanga ya Bibi Tausi iliyokuwa kambani, nimeikunja ngata, nimeiweka begani. Nikapiga goti, nikapiga mluzi, nikaguta kwa Kihispania, na paja likapanda! Nikatoka nalo mbio hadi jikoni. Mlangoni nikainama, nikaingia kwa ubavu. (Mlango wa jiko lile ni mrefu kama wa msikiti. Uliokuwa mfupi ni wa ndege yetu.) Nikalitua taratibu juu ya meza.

Ningeishia hapo ningepona. Lakini nikapiga ukuta kwa kiganja, mara mbili, kama nilivyozoea kupiga ubavu wa ndege mzigo ukishaingia, nikapaza sauti: "Tayari, kapteni!"

Uani wote wakageukia mlango wa jiko.

Nilipotoka, Mzee Hamisi hakuwa anacheka. "Mtu akinificha kazi yake leo, kesho atanificha nini?" Baba mdogo akaanza kutafuta viatu vyake. Nikaona ndoa inaondoka.

Bibi Tausi akainua mkono. "Babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka hapa Tabora hadi pwani, kwa miguu. Mpaka uzee wake aliingia mlangoni kwa ubavu, hata akiwa hana kitu begani. Mpagazi namjua nikimwona, simuulizi mtu. Sema, mume wangu: ulikwenda ng'ambo ukawa mpagazi?"

Nikamtazama baba mdogo. Sasa ndiyo amenyamaza!

"Ndiyo, Bibi."

"Miaka mingapi?"

"Minane... kasoro wiki tatu."

Jamani! Watu walilala chini. Mwenye bodaboda alishikilia nguzo. Zuhura alikuwa dirishani, namwona, amejiziba mdomo kwa mtandio na mabega yanamtetemeka!

Mzee Hamisi naye akashindwa, akajifuta machozi. "Afisa simjui," akasema. "Huyu aliyebeba nyama yetu isiguse vumbi, tumempa."

Nilitaka kushukuru. Bibi Tausi akanikatiza: "Bado faini ya kumpora mshenga kauli. Siku ya harusi nyama yote ataipeleka jikoni yeye mwenyewe, na joho lake begani. Na ukuta apige, tusikie."

Nina diploma! Diploma yenye muhuri! Na baba mdogo Ramadhani, aliyesema maneno matatu tu mbele ya wakwe, amekubali faini kwa niaba yangu bila hata kunitazama.

Kadi za harusi zinakuja. Atakayecheka hapa, yake naichana. Na atakayefika, mzigo wake abebe mwenyewe.