Kidole cha Kompyuta

Jumatatu, 8 Desemba 1997. Ukunda.
Mwezi wa nane tangu nitoke Mutomo. Mgongo umechoka. Ujenzi wa hoteli niliyokuwa nikiichimbia msingi kule Diani umesimama tangu fujo za Agosti, watalii hawaji. Lakini leo, kazi! Bi Faith, meneja wa duka jipya la kompyuta, ametuchukua mimi na Munyoki, mwenzangu wa kwetu, tugawe vikaratasi vya tangazo. Vina picha ya mkono, kidole kimoja juu, na maneno: "Kidole kimoja tu, dunia yote ni yako." Tarehe ishirini na tatu pikapu ya kampuni inakwenda Kitui, njia ya kwetu Mutomo. Ina nafasi ya mtu mmoja. Atakayegawa vizuri ndiye atakayepanda. Mke wangu Kathini amesema nisipoonekana Krismasi hii, anarudi kwa baba yake na mbuzi wote. Munyoki hana hata mke! Anakimbilia nini?

Jumanne, 9 Desemba.
Balaa. Nilianzia kwa Ndulu, mama anayeuza muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, mtu wa kwetu kabisa. Aliitazama picha, akaninyang'anya sahani. Akauliza nimenunuliwa lini. Kidole kimoja ndiyo saluti ya chama tawala. Wapinzani huinua viwili, hata mtoto anajua. Nikasema hiki ni cha kubonyezea kompyuta. Akasema basi nikakibonyeze huko huko, na chakula nikale huko huko. Wateja walicheka mpaka wakapaliwa. Nimeshinda na njaa.
Munyoki amemaliza fungu lake lote Msambweni. Hakuna aliyemuuliza kitu. Ana uso wa kanisani, yule.

Jumatano, 10 Desemba.
Akili imenijia! Nimetafuta kalamu ya wino mzito na kuchora kidole cha pili kwenye vikaratasi vya mtaa wa watu wa bara. Vingine vimetoka kama karoti. Maneno nimeyaacha, nani husoma? Ndulu amenirudishia sahani, tena imejaa, na kikaratasi amekibandika mlangoni. Pikapu ni yangu.

Ijumaa, 12 Desemba.
Mafungu yamechanganyika. Vidole viwili nimevigawa nje ya msikiti, watu wakitoka sala ya Ijumaa! Mzee Salimu, mwenyekiti wa tawi la chama tawala, aliitikia shikamoo yangu vizuri, marahaba mwanangu, kisha akavaa miwani. Akauliza kwa upole, ule upole wa kutisha: kidole cha shahada ni kimoja, na Mungu ni mmoja, sasa huyu wa pili nimemtoa wapi? Niliapa kwamba kampuni haina siasa. Akasema kampuni isiyo na siasa haioti kidole njiani.

Jumamosi, 13 Desemba.
Vidole vyote nimevifunika kwa wino. Sasa ni ngumi. Ngumi haina chama! Ndulu anasema ni vitisho. Vijana wa Mzee Salimu wanasema ni vitisho. Angalau nimewapatanisha.

Jumatatu, 15 Desemba.
Pande zote mbili zimefika dukani, kila upande na ushahidi wake. Bi Faith alitazama kidole kimoja, vidole viwili, ngumi. Akataka kujua nilisomea wapi uchoraji. Nikamwambia niliishia darasa la sita. Duka limefungwa mpaka uchaguzi upite. Munyoki alikuwa nyuma yake, akiitikia kwa kichwa kama shemasi.

Jumanne, 23 Desemba.
Pikapu imeondoka. Munyoki mbele, dirisha wazi, kofia mpya. Nilimwomba amweleze Kathini kwamba nimezuiwa na mambo ya taifa. Akasema yeye hasemi uongo. Atamwambia nilikuwa nachora. Nimekaa barabarani mpaka vumbi likatulia. Mbuzi wale niliwalea mimi.

Jumanne, 30 Desemba.
Jana watu walipiga kura. Kadi yangu iko Mutomo. Lakini leo nimeona jambo! Ndulu ana wino wa kura kidoleni. Mzee Salimu ana wino kidoleni. Kidole kimoja kimoja, wote! Fungu moja safi lilibaki chini ya kitanda. Nimepaka wino kwenye ncha ya kidole katika kila kikaratasi. Sasa picha ni ya kila mtu, nani atalalamika? Kesho asubuhi naanzia mlangoni pa ukumbi wanapohesabu kura. Watu wamejaa pale, wana hasira na hawana la kusoma. Bi Faith mwenyewe atanitafutia pikapu nyingine. Kathini, kaa hapo hapo na mbuzi. Pasaka niko nyumbani.