Kiwanja Chenye Ukuta Tayari

Modeste Balagizi alikwenda Kibumba kuwasalimia wakwe zake, na hakuwa na nia mbaya yoyote hadi alipopanda juu ya ule ukuta.

Ulikuwa ukuta mnene wa udongo na mawe, uliofunga bonde kutoka kilima hadi kilima. Upande wa chini kulikuwa na nyumba ya baba mkwe wake, muzee Nsanzimana, na mashamba ya viazi na kabichi ya kijiji kizima. Upande wa juu kulikuwa na uwanja mpana, tambarare, wenye majani mafupi na mtupu kabisa.

"Hii ni barrage," muzee alimweleza. "Mvua kali ikinyesha, maji ya milimani yanasimama hapa, halafu yanatoka polepole mu ile tuyau ya chini, ile bomba. Bila huu ukuta, sisi wote tungeshaenda na maji. Wakati wa jua, hakuna kitu."

Modeste aliitikia kwa adabu, ila alisikia maneno mawili tu: hakuna kitu. Yeye alikuwa mtu wa Goma, ambako ukinunua kiwanja umenunua jiwe la volkano, na ukitaka kuchimba choo unakodi wanaume wenye mitarimbo na uvumilivu. Hapa udongo ulikuwa laini kama unga, na ukuta umeshajengwa. Moyo wake ulijaa huruma kwa watu wa mjini walionyimwa neema hiyo.

Baada ya siku chache alirudi na Mama Fatouma wa mtaa wa Mabanga, mjini Goma. Mama huyu aliuza chakula kwa jumla, alikuwa na malori, na alitafuta mahali pa kuyalaza. Modeste hakuuliza chakula hicho kilitoka wapi. Madalali wa viwanja wa aina yake hawapendi kuwachosha wateja kwa maswali.

Fatouma alizunguka uwanja taratibu, akiinua kikwembe alichojifunga kisishike vumbi.

"Na huu mustari kwenye ukuta, juu ya kichwa yangu?"

"Rangi, mama. Fundi alianza kupaka, ikamwishia."

"Na ile tuyau?"

"Ya choo. Wamekutangulizia kazi."

"Mbona hakuna mutu amejenga hapa?"

"Watu wa huku ni wanyenyekevu, mama. Wanaogopa mahali pazuri."

Fatouma aliupima uwanja tena kwa macho, kama mtu anayepambana na bahati yake. Kisha akamkabidhi Modeste pikipiki yake nyekundu, karibu mpya, kuwa bei ya kiwanja, wakapeana mikono.

Modeste alirudi Goma akila upepo. Aliranda na pikipiki hiyo mitaa yote, hata ile ambayo hakuwa na shughuli nayo, mpaka siku muzee Nsanzimana alipompigia simu.

"Mukwe, kuko mama moja wa mujini hapa na watu wenye majembe. Anasema ameuziwa hii nafasi. Anapasua ukuta, anataka mulango wa camion."

Modeste aliketi chini. Alikuwa amejiandaa kwa machozi ya Fatouma, kwa matusi, hata kwa polisi. Hakuwahi kufikiri kwamba lori huhitaji mlango. Na mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kujazana juu ya milima. Katika maisha yake ya kazi alikuwa amewaumiza watu mifukoni tu. Kuwazamisha hakukuwa kwenye programu yake.

Alipofika, ukuta ulikuwa na pengo la kutisha, na wanaume walikuwa bado wanachimba. Fatouma alikaa chini ya mwavuli.

"Mama, simamisha hawa batu."

"Kwa nini? Ukuta ni wangu."

"Mulango hapa utaleta upepo."

"Camion yangu haiogopi upepo."

"Kuna mizimu."

"Itapita mbele, camion nyuma."

Radi ilinguruma. Hapo Modeste alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mteja: alisema kweli.

"Mama, hii si parcelle ya kujenga. Ni barrage. Mvua ikinyesha, hapa ni ziwa. Ukipasua ukuta, maji yatabeba wakwe zangu."

Fatouma alikunja mwavuli wake. "Basi umeniuzia ziwa."

"Ndiyo, mama."

"Lisilo na maji."

"Yatakuja."

"Pikipiki yangu ninachukua. Na hiki kidonda cha ukuta, nani atakifunga? Hawa batu wanataka simenti, mawe, na kula."

Hivyo frigo ya Modeste ikageuka simenti, televisheni ikageuka mawe, na makochi yakaliwa kama maharage. Yeye mwenyewe alibeba udongo na kuushindilia, tabaka juu ya tabaka. Mafundi walimwonyesha mashimo ya fuko yaliyokuwa yameutoboa ukuta, na mahali ambapo maji ya matope yalianza kuchuruzika msimu uliopita. Modeste alishangaa kidogo kwamba wachimba mlango walijua sana kutengeneza barrage, lakini mgongo ulimuuma mno kuendelea kushangaa.

Ukuta ulipokamilika, mmoja wao alisimama kumshukuru présidente wa kamati ya barrage. Aliyeinuka ni Fatouma.

"Viazi vyangu vyote vinatoka mu haya mashamba," alimwambia Modeste kwa upole. "Ile sehemu ilikuwa imeoza, ilibidi ifumuliwe. Tulitafuta mufadhili muda mrefu. Halafu wewe ukaja mwenyewe, ukanitembeza."

Muzee Nsanzimana, aliyepiga ile simu, alikuwa akizitazama kabichi zake kwa makini sana.

Mvua ilishuka wiki hiyo hiyo. Maji yalipanda nyuma ya ukuta mpaka yakatisha. Modeste alishuka hadi chini yake, akapapasa lile pengo lililozibwa: hakuna tone lililopenya. Alijawa na furaha ambayo hakujua angemuuzia nani.

Alirudi nyumbani kwa miguu, matope hadi magotini. Mke wake, Nishimwe, alikuwa amerudi kutoka Bukavu, alikokwenda kumuuguza dada yake, na alikuwa amesimama katikati ya sebule tupu.

"Modeste, frigo iko wapi?"

"Iko mu barrage, kwa baba yako."

"Na télé?"

"Nayo iko mu barrage."

Nishimwe katika ndoa yao alikuwa ameshaamini uongo wa mgodi wa dhahabu wa Walikale na wa mjomba tajiri wa Kanada. Alimtazama mumewe kwa masikitiko.

"Mimi nimekuamini siku zote," alisema. "Lakini leo hata hukujaribu."