Njia Iliyokuwepo Tangu Kale

Inatangazwa kwa furaha kubwa kwamba mto wetu, ambao miaka yote umekuwa ukipita ovyo bila usimamizi, sasa umepata Kamati. Kazi ya Kamati ni kuwapa wananchi njia ya kutembea kando ya maji, wapunge hewa kwa utaratibu. Mimi ndiye Katibu wake. Nasema bila kujisifu kwamba hata kamati ndogo ya kuchagua viti vya Kamati niliiongoza mwenyewe.

Kando ya maji kuna nyasi za Mwenyekiti wetu, zimekatwa vizuri kuliko ndevu zangu. Nyuma ya ukuta wake kuna bustani ya Mama Vitunguu, mjane. Baada ya utafiti wa kina tulioufanyia sebuleni kwa Mwenyekiti, tuliona njia ya mtoni ipite bustanini. Mto hauonekani kutoka huko, lakini upepo ukivuma vizuri unasikika.

Tulikwenda kuizindua kitaalamu. Mwenyekiti alitangulia, sisi nyuma yake, na matuta yakalala chini.

"Baba, mnakanyaga ada ya wanangu!" Mama Vitunguu alilia. "Si mpite kule kwako kwenye maji?"

"Kwangu hakuna njia, mama. Muulize mlinzi wangu."

Hapo nikasoma Kanuni ya Nne, aliyoitunga Mwenyekiti mwenyewe: *Popote umma utakapopita ukiongozwa na Mwenyekiti, hapo ndipo njia ilipo, na ilikuwepo tangu kale.* Na kwa kuwa ilikuwepo tangu kale, fidia nayo imeshapitwa na wakati. Wiki iliyofuata vitunguu vilivyobaki vingefunikwa kwa kokoto.

Siku ya sherehe ya kuifungua njia tulikusanyika darajani. Mwenyekiti alikata utepe. Mpiga picha akamwambia, "Rudi nyuma kidogo, mheshimiwa. Kidogo tena." Mheshimiwa ni mtu msikivu. Alirudi mpaka akaingia mtoni.

Maji yalimchukua, yakamtupa kwenye ukingo wa kiwanja chake mwenyewe. Akashika nyasi. Mlinzi akatokea na rungu.

"Toka! Hapa hakuna njia!"

"Mjinga wewe, mimi ndiye bosi wako!"

"Bosi wangu ana gari. Wewe una tope."

Simlaumu kijana wa watu. Tangu aajiriwe alikuwa amesikia honi tu na kuona vioo vyeusi.

Kamati ilianza kujadili kama uokoaji umo kwenye ratiba. Mama Vitunguu hakungoja. "Jamani, mtu anakufa maji!" Alivunja uzio wa Mwenyekiti, akakimbia kando ya mto, na umati mzima nyuma yake. Mlinzi aliona watu wanavyokuja, akakumbuka ana shughuli upande wa pili wa nyumba. Tulimvuta mheshimiwa akiwa hana kiatu. Nguo kavu zilikuwa garini, kwa hiyo alitangulia mwenyewe kwa hasira, akatuongoza kando ya maji mpaka darajani.

Mama Vitunguu alikuwa akikamua nguo yake. "Katibu," akasema, "juzi ukiwa juu ya vitunguu vyangu ulisoma kitu. Hebu kisome tena."

Mimi ni mtumishi wa umma. Nikiambiwa soma, nasoma. Nilipofika kwenye "ukiongozwa na Mwenyekiti", watu wote walimgeukia. Nilipofika kwenye "tangu kale", walipiga vigelegele.

"Kanuni hiyo niliitunga mimi!" Mwenyekiti akafoka.

"Na umeitunga vizuri, mheshimiwa," nikamjibu kwa dhati.

Bajeti ilikuwa ya njia moja tu, hivyo ile ya bustanini ilifungwa jioni ileile. Mama Vitunguu anapanda upya. Mlinzi amepewa kofia ya Kamati na kazi ya kukaribisha wapitaji. Anasema watu ni wastaarabu, isipokuwa mzee mmoja anayetoka kila asubuhi na nguo za kulalia, akasimama katikati ya nyasi na kuwakodolea macho.

"Mzee, tembea," humwambia. "Hapa ni njia, si pa kusimama."