Godoro la Mama Mkwe, kwa Jina Langu

Jumatatu, 14 Julai
Baridi ya Nduguti haina adabu. Upepo unaingia hadi ndani ya soksi. Hata hivyo nashukuru. Mama mkwe yuko kwetu tangu aumie nyonga kule Kinyangiri, na nyumba yenye mzee ina baraka. Huyu mama alinipa Eliza wakati ukoo wao mzima unasema sifai. Sijasahau.

Ila kuna jambo. Eliza kaninong'oneza jikoni kwamba usiku mama hawahi kufika chooni. Godoro limelowa tena. Mama anaona aibu, anasema atarudi Kinyangiri akaishi peke yake. Peke yake, na mguu ule! Tena analala na jiko la mkaa pembeni ya kitanda. Eliza anataka godoro lisilopitisha maji na lisiloshika moto haraka. Jiko nalo litoke, kasema, kwa sababu mkaa ndani ya chumba unaua watu. Nikamwambia aniachie mimi.

Jumanne, 15 Julai
Shida ni hii: kwetu mwanaume hataji kitanda cha mkwe wake. Mimi hata kizingiti cha chumba chake sivuki. Tunasalimiana pazia likiwa katikati. Sasa ningemwambiaje Kudra, mwenye duka la magodoro, kwamba nanunua la nani? Nikapata akili. Nikasema ni langu.

Kudra akanipa pole kwa sauti ya kusikika barabarani. Na nani alikuwa dukani? Elisha wa Mtinko, aliyeoa mdogo wake Eliza, mtu ambaye hajawahi kukosea hata kufunga mbuzi kamba. Alikuwa amekuja mnadani. Akanishika bega.

Kudra akatoa godoro kama la hospitali: kava zito, mishono imezibwa, na sponji ambayo kaa la moto likiidondokea inasinyaa tu, haiwaki. Nikaliona baya. Rangi ya sare ya shule. Nikachagua jingine, kava lake linang'aa vizuri. Kinachong'aa kinateleza, kwa hiyo maji yatateleza. Kudra akasema nitarudi. Nashukuru hakucheka mbele yangu.

Jumatano, 16 Julai
Mwenye akili hupima kwanza. Nikalitandaza godoro uani, nikamwaga ndoo ya maji. Yaliteleza kweli. Yakateleza hadi kwenye zipu, yakaingia yote. Limekunywa kuliko ng'ombe wa mnadani.

Upande mmoja ulibaki mkavu, nikaona nijaribu moto. Kaa moja tu! Kava likayeyuka, sponji ikalipuka, moshi mweusi ukaelekea ofisi za halmashauri. Majirani wakaja na mchanga. Nashukuru hakuna aliyeungua. Halafu nikawaza kwamba kesho mama angelala juu yake na jiko lake pembeni. Nikakaa chini palepale kwenye majivu.

Jioni habari imeenea mjini kwamba Laurian, yaani mimi, anakojoa kitandani, kisha anachoma ushahidi.

Alhamisi, 17 Julai
Mzee wa kanisa kanishauri niache chai ya jioni. Nimemshukuru.

Wazo! Babu zetu walilala wapi? Juu ya ngozi ya ng'ombe. Maji hayapiti, na moto unaichoma kwa taabu. Nimekwenda kwa Mughwai wa buchani, nikapata ngozi mbichi. Nimeishona kulizunguka godoro la zamani, nikalianika uani. Eliza kauliza kama ngozi hukauka kwa siku moja. Nikamjibu kwamba upepo huu unakausha hata mawazo.

Ijumaa, 18 Julai
Mbwa. Sikujua Nduguti ina mbwa wengi hivi. Wamelikokota godoro hadi mlangoni kwa mtendaji wa kijiji, nikamkuta mwenyewe amesimama juu ya kiti. Nashukuru walikuwa wameshashiba, hawakunigusa.

Mama amefunga khanga zake. Jumapili baada ya ibada anapanda gari la Kinyangiri. Eliza hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu. Nimekaa nje ya pazia nikitaka kumsihi mama asiende, lakini ningesemaje bila kutaja kitanda? Nikamuuliza kama amekula. Akasema amekula, mwanangu.

Jumapili, 20 Julai
Tumetoka kanisani tukamkuta Elisha amefika na bajaji ya mizigo. Juu yake lipo godoro la Kudra, lile la sare ya shule. Kawatangazia majirani kwamba ameleta dawa ya ugonjwa wangu, na kwamba si vizuri kunicheka. Wakacheka. Ulimi ukaniwasha. Neno moja tu, aibu ingenitoka mimi na kuhamia kwa mwingine, nyuma ya pazia.

Nikampokea Elisha kwa mikono miwili. Nikasema ndiyo, ndugu yangu, nateseka sana.

Eliza kalitandika. Jiko limetolewa, mama kaongezewa blanketi. Gari la Kinyangiri limeondoka bila yeye. Kasema atalala usiku mmoja aone. Nashukuru Mungu. Nashukuru hata Elisha, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Jumatatu, 21 Julai
Mama amelala hadi jua likachomoza. Kitanda kikavu. Khanga zimefunguliwa. Akaniita karibu na pazia, kisha akamwambia Eliza aniambie, ingawa nilisikia kila neno: kwamba hata mtoto wa tumbo lake asingekubali kuchekwa na mji mzima kwa ajili yake, na kwamba haendi popote. Nikamwambia Eliza amjibu kwamba ahsante, na kwamba machoni mwangu kumeingia vumbi.

Mchana Eliza kaniambia jingine. Mama hawezi tena kutafuna nyama. Anatamani meno ya bandia, ila hataki watu wajue.

Watu hawatajua. Kesho alfajiri nakwenda Singida kwa daktari wa meno, nimwambie ni ya kwangu, anipime mdomo. Meno yangu yote ninayo, lakini daktari mzuri hatauliza sana.