Hita Iliyofunga Kabla ya Mwezi Kuandama

Jumatatu, 12 Januari 2026
Leo nimeitengeneza hita ya gesi kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kahawa. Kipaji hicho!
Haya, uongo. Ukweli ni ile kahawa tu. Hita nabonyeza, inalia tik, tik, cheche naiona, moto hakuna. Na hapa Birkat al Mauz, Omani, baridi imeingia mpaka kwenye magego. Ijumaa baada ya alfajiri wazee wa baraza wanakuja kwangu kunywa kahawa. Khalaf, kaka yake mke wangu, kachungulia mlangoni akasema: shemeji, hita yako imefunga kabla ya mwezi kuandama. Ati isipowaka, baraza lihamie kwake, kwenye mkaa, mpaka joto lirudi. Kwake mie hukalishwa mlangoni, kwenye viatu!

Jumanne, 13 Januari
Nilidhani kosa ni la mtungi wa gesi. Nimeutikisa: mzito. Nimeufunga kwenye jiko, likawaka bluu. Bimdogo, mke wangu, akabandika maharage, akakataa kuurudisha mpaka yaive. Nikamwambia nafanya uchunguzi. Akauliza: wa hita, au wa maharage?

Jumatano, 14 Januari
Nimeisomea hita dua. Tik. Nimeizaba kofi. Tik. Khalaf keshawaambia wazee waje kwake na mito yao. Nyoka yule! Nami nimewatangazia msikitini kwamba hita yangu ni nzima, inapumzika tu.

Alhamisi, 15 Januari
USHINDI! Nimefunga gesi, nikafungua kifuniko cha mbele. Harufu ikanipiga kama nimeingia harusini. Ubani! Msimu wa baridi uliopita nilikiona chetezo kiko mbali, nikawa naufukizia juu ya hita yenyewe. Wageni wakasifu. Kumbe umeyeyuka, umedondoka, umeganda kwenye kitundu kinachotoa gesi. Cheche ipo, gesi haipiti. Nikanyakua sindano ya Bimdogo ya kushonea kofia, nikachokoa taratibu. Nikafungua gesi, nikabonyeza. Fuu! Bluu tupu! Nimecheza razha, ngoma ya panga, sebuleni, fimbo ndiyo upanga. Bimdogo nimemwambia ilikuwa kutu. Sindano imepinda kidogo. Nimeirudisha kikapuni kimyakimya.

Ijumaa, 16 Januari
Baraza limejaa! Khalaf kakaa kwenye viatu mwenyewe, bila ya kuambiwa. Wazee wamevua shali kwa joto. Kasoro moja tu, kasema Mzee Hud: pale mlangoni soksi za Khalaf zinanuka. Aibu ndani ya nyumba yangu? Chetezo kiko jikoni, hita iko hapa, inawaka. Nikamwaga ubani juu yake, konzi nzima. Mashaallah! Wamefukiza ndevu, wamefukiza kanzu, wameapa baraza halihami.
Jioni nimebonyeza tena. Tik, tik.
Bimdogo, najua unaisoma shajara hii. Lakini tundu la sindano hulioni tena hata kwa miwani; nani anayekutungia uzi kama si mie? Basi nakudai wema mmoja. Niazime sindano nyengine, isiyopinda. Na usiniulize ya nini.