Rafiki Yangu Mkuu wa Maghala

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza. Miezi saba bila kazi inatosha. Mke wangu yuko kwa mama yake pamoja na mtoto, na kauli yake ya mwisho ni kwamba atarudi siku nitakapokuwa na mahali pa kwenda asubuhi. Mahali pa kwenda ninapo: kibandani kwa Fundi Simu. Kasema hapo hapahesabiki.

Basi nimejiunga na ule mtandao wa watu wa kazi. Kwenye picha nimevaa koti la Fundi Simu. Picha nimeikata chini ya mabega, maana mikono ya koti iliishia viwikoni. Nilikuwa mtunza stoo. Nimeandika Mtaalamu Mwandamizi wa Mizigo. Si uongo. Mizigo ninaijua kuliko ninavyoijua nafsi yangu.

Fundi Simu ana marafiki mia sita humo, na hajawahi kuvaa tai. Akanipa somo bila kuombwa. Eti mtu usiyemjua humwandikii kama mjomba wako. Mistari miwili: wewe nani, umemfikiaje, unataka nini. Na kazi huombi siku ya kwanza, ni sawa na kupiga hodi umeshika sahani. Nikamwambia mimi nimeongea na madereva wa malori wa kila lugha na hakuna aliyenifundisha kusalimia. Akasema ndiyo maana.

Jumatano, 5 Machi

Maombi ya urafiki arobaini na moja. Waliokubali, wawili. Mmoja anauza dawa ya kuotesha nywele. Wa pili ni Fundi Simu.

Kosa nimeliona. Nawaendea kama mgeni, na mgeni hana mwenyeji. Watu humfungulia wanayemjua. Kuanzia leo mimi ni mtu wanayemjua, ila wamemsahau.

Nimeanza na Mkuu wa Maghala wa kampuni moja ya vyakula. Uso mpana, tabasamu la mtu anayekula kwa wakati. Nikamwandikia: Kaka, umepotea sana. Tangu tule pamoja kwenye ile semina ya Novemba hujanitafuta. Ulisema nikikwama nisiende mbali. Nimekwama.

Nimechagua Novemba kwa sababu Novemba kila mkubwa ana semina.

Fundi Simu akasoma, akaniuliza kama namjua huyo bwana. Nikasema nitamjua. Akairudia simu ya mteja iliyoangukia kwenye ndoo ya maji.

Ijumaa, 7 Machi

Amekubali. Hakuandika neno, lakini amekubali.

Nimempigia mke wangu kumwambia nina rafiki, Mkuu wa Maghala. Akauliza tangu lini. Nikasema wa siku nyingi. Akasema mtoto amejua kufunga kamba za viatu. Nikauliza nani kamfundisha. Bibi yake. Nikasema vizuri. Kazi ile nilikuwa nimejiwekea mimi.

Jumapili, 9 Machi

Jibu limekuja. Si lake. Ni la mke wake.

Anasema mumewe alifariki Desemba. Simu ya marehemu bado anaichaji, hajui mtu huacha siku gani. Wa kazini walimwaga pole wiki moja, wakaisha. Baada ya hapo humo huingia matangazo tu, na mtandao wenyewe ulimpongeza marehemu kwa kutimiza miaka kumi na mitano kazini. Halafu nikaingia mimi na umepotea sana. Anasema alilia, kisha akacheka. Anaomba nimsimulie siku ile ya semina. Tulikula nini. Alisema nini.

Mwenye akili angeomba radhi hapo. Mimi nina moyo. Nikamwambia tulikula kuku, na marehemu akanisukumia paja lake. Kwamba alimtaja mkewe mara tatu. Kwamba alisema bila yeye hata soksi zake asingejua ziliko. Niliandika huku machozi yananitoka. Nilimpenda mtu yule. Mwishoni nikauliza, kwa adabu, kiti chake kakikalia nani.

Fundi Simu hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu afadhali, nimechoka kutembea.

Jumanne, 11 Machi

Mjane kaniita nyumbani kwake. Nikaenda na lile koti, nimeikunja mikono yake ili ionekane nimependa mwenyewe.

Sebule safi, pazia nusu. Viatu vya mwanamume mlangoni, vimepigwa rangi. Akaniita shemeji. Karibu shemeji, keti shemeji, chai hiyo shemeji. Kila shemeji ilinipiga kofi.

Akaniacha nifike nusu kikombe. Ndipo akasema, taratibu kama anayesoma orodha ya sokoni, kwamba kiharusi kilimpata mumewe Agosti. Kikauchukua mkono wa kulia na ulimi. Novemba nzima alikuwa chumba kile pale, analishwa uji kwa kijiko. Hakutamka neno hadi anazikwa.

Nikauliza basi kwa nini alinitaka nisimulie. Akasema alitaka kumsikia akiongea tena, hata kwa mdomo wa mwongo. Na la soksi, akasema, ni kweli tupu, hajui nililijuaje.

Mimi, niliyenyamazisha madereva wa malori, nikavitazama vile viatu mlangoni. Akaniambia nimalize chai yangu, niende, na nisiiandikie tena simu ile. Nikaimaliza. Ilikuwa imepoa.

Jumatano, 12 Machi

Nimelala hadi saa sita mchana. Mahali pa kwenda sikutaka.

Alhamisi, 13 Machi

Nimetafakari. Fundi Simu anasema nianze upya: mistari miwili, jina langu la kweli, shida yangu ya kweli. Ni rafiki mwema, ila upeo wake ni wa kibandani.

Aliyerithi kile kiti nimempata mwenyewe. Kijana, tai nyembamba. Nimemwandikia: Ndugu yangu, mimi na marehemu aliyekutangulia tulikuwa chanda na pete. Siku zake za mwisho nilikaa kando ya kitanda chake. Kusema alikuwa hawezi tena. Lakini alinitazama mimi, akatazama upande wa maghala, akanitazama tena. Nikaelewa. Najua nawe umeelewa.

Safari hii sikumwekea marehemu hata neno moja mdomoni. Huo ndio ukweli, na mtu akisimama kwenye ukweli hakamatwi.

Nimemwandikia mke wangu aanze kukunja nguo. Ujumbe ameusoma tangu asubuhi. Hajajibu. Bila shaka mikono imejaa nguo.