Mita Moja Kila Upande

Jumatatu, 6 Oktoba
Leo ndiyo leo! Mwalimu wa Hesabu, baba wa mchumba wangu mshonaji, anastaafu Jumamosi. Anataka sura yake ichorwe kwenye ubao mkubwa, iwekwe ukumbini shuleni. Kazi kanipa mimi! Kasema nikimtoa vizuri, posa yangu imekubaliwa. Nikiharibu, nimsahau binti yake. Akanikabidhi picha ndogo ya kitambulisho, sentimita nne kwa sita, akaniuliza kama nakumbuka somo la maumbo yanayofanana. Nikajibu nakumbuka sana. Alinifundisha miaka mitatu, sikumbuki hata dirisha lilikuwa upande gani.

Jumanne, 7 Oktoba
Mchoraji wa karakana ya jirani, tunamwita Miwani, naye anamtaka mshonaji wangu. Leo kaja kuchungulia. Eti nizidishe kila upande kwa namba ileile, ishirini kwa mfano. Wivu tu! Kuzidisha ni kazi ya watu wenye muda. Mimi nimejumlisha mita moja kila upande. Upana sikuupendelea, urefu sikuuonea. Nikakata plaiwudi: sentimita 104 kwa 106. Imekaribia kuwa mraba, ila sikutaka kujitia presha.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimemaliza. Masikio yanagusa kingo, kama kwenye picha. Kipara juu, tai chini, kila kitu mahali pake. Sasa mbona Mwalimu kawa mpana hivi? Ile tai mtu analalia! Mchumba kaja na chai, kaangalia, kauliza huyu mzee mnene ni nani. Nilipomwambia ni babake, akaangua kilio. Eti ndoa imekwisha kabla ya kuanza. Roho iliniuma. Nikamtuliza: akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi zangu ni za kusuka.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimepata! Ukiuangalia ubao kutoka ubavuni, Mwalimu anakonda. Ukisimama konani kabisa, ni yeye mtupu! Nimemwomba mlinzi wa shule funguo za ukumbi. Nimehamisha viti mia moja na ishirini, vyote nikavibana kona ya kushoto. Katikati nimeweka kibao: RANGI MBICHI, USIPITE. Mgongo sina.

Jumamosi, 11 Oktoba
Wageni walikaa wamebanana, magoti migongoni mwa wenzao. Kitambaa kilichofunika ubao kikavutwa. Makofi! Mama mkwe akasema ni mume wake hasa, hata ule ukali upo. Nikaanza kujiona bwana harusi. Ndipo Miwani, kiumbe asiye na haya, akafika amechelewa, akaingia kwa mlango wa katikati. Akatazama. Akacheka mpaka akakaa chini. Watu wote wakainuka kwenda kuona anachoona yeye. Nikatamani ardhi ipasuke.

Mwalimu hakucheka. Akatoa rula mfukoni (mtu yuko ndani ya suti, ana rula!), akapima ubao. Kisha akaniuliza taratibu kama nilijumlisha. Nikakiri. Akanishika bega, machozi yanamlengalenga. Akasema miaka mitatu majibu yangu yalimnyima usingizi, na leo hatimaye ameelewa nilikuwa nafanya nini. Kanihurumia. Kanipa nafasi moja ya mwisho: nimchoree nyingine ndogo, ya sebuleni, ifanane kweli na ile picha. Nipeleke Jumatatu. Nikikosea, Miwani yuko tayari.

Jumapili, 12 Oktoba
Kumbe rahisi! Kama kujumlisha kulimnenepesha, kutoa kutamkondesha. Nimetoa mita moja kila upande wa ubao. Nikabaki na sentimita nne kwa sita. Nikakiweka kipande juu ya picha yake: vimelingana bila kuzidiana hata unywele! Sasa nani alisema hesabu yangu ina kosa? Nimemchora kwa brashi yenye nywele tatu. Pua ni nukta moja. Macho hayakupata nafasi, nimeyafumba. Mchumba nimemwambia aanze kushona gauni. Na kwa fundi saa nimeazima kioo cha kukuzia, ili kesho baba mkwe ajione vizuri.